Allison: Daktari aliyefumbua fumbo la malaria ndani ya damu za koo

KATIKA wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, habari za damu ya ukoo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mtoto huzaliwa akiwa na afya njema, kisha baada ya miezi sita au minane vidole vyake vya mikono na miguu huanza kuvimba, usiku hulia kwa maumivu, na kila baada ya muda huishiwa damu. Katika nyumba nyingi kinachotafutwa kwanza si kipimo bali mwenye kosa. Upande wa baba huutazama upande wa mama, na upande wa mama huutazama upande wa baba.

Mashaka kama hayo huzuka pia pale kundi la damu la mtoto linapotofautiana na makundi ya wazazi wake. Baba mwenye kundi A na mama mwenye kundi B wakielezwa kwamba mtoto wao ni wa kundi O, wapo wanaodhani pana siri iliyofichwa nje ya ndoa. Sayansi haiwaungi mkono. Kila mzazi hubeba nakala mbili za kinasaba cha kundi la damu, na nakala ya O hufunikwa na ya A au ya B. Mtu anaweza kuishi hadi uzeeni akiwa ameificha bila kujua. Nakala ya O ya baba ikikutana na ya mama, mtoto wa kundi O huzaliwa ndani ya ndoa halali kabisa.

Miongoni mwa watu waliolifanya somo hilo la urithi wa damu lieleweke, na hasa waliolifunga na ugonjwa wa malaria, hakuna ambaye jina lake linahusiana na Afrika Mashariki kuliko Anthony Clifford Allison. Daktari huyo alifariki dunia zaidi ya miaka 10 iliyopita, lakini jedwali zake za miaka ya 1950 bado hufundishwa vyuoni duniani kote.

Allison alizaliwa Agosti 21, 1925 katika mji wa East London, Afrika Kusini, na kukulia Kenya, katika shamba la wazazi wake huko Gilgil, ndani ya Bonde la Ufa. Akiwa mtoto wa miaka 10 aliugua malaria na kunusurika. Akiwa kijana alivutiwa na kazi za Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na hapo ndipo alipopata shauku ya kujua jinsi wanadamu walivyobadilika kizazi baada ya kizazi. Alisoma sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kukamilisha udaktari.

Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu.

Lengo lake la awali lilikuwa makundi ya damu. Wakati huo wataalamu walikuwa wakipima makundi ya A, B na O, ya Rh na ya MN kabila kwa kabila, wakitumaini kupata humo historia ya uhusiano na uhamaji wa watu. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1952, Allison akishirikiana na Arthur Mourant na Elizabeth Ikin wa Uingereza, pamoja na Alan Raper aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Makundi ya damu yalimsaidia kueleza nani ni jamaa wa nani. Hayakumweleza sana kwa nini.

Ila katika sampuli hizo hizo alifanya kipimo kingine, cha sikoseli. Tone la damu huchanganywa na dawa inayoondoa hewa ya oksijeni, kisha hutazamwa kwa hadubini. Chembe nyekundu za mtu wa kawaida hubaki na umbo lake la mviringo. Za mtu mwenye kinasaba cha sikoseli hujikunja mfano wa mundu, na ndiyo maana ugonjwa huo huitwa pia selimundu. Mtu aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi. Aliyerithi kwa wote wawili ndiye anayeugua. Urithi wa namna hiyo ulithibitishwa mwaka huo huo wa 1949 na James Neel huko Marekani na E.A. Beet, daktari aliyefanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Kilichomshangaza Allison ni ramani. Pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na kinasaba hicho. Katika nyanda za juu walikuwa chini ya mmoja katika 100. Mgawanyo huo haukufuata lugha wala asili ya makabila. Uliwafuata mbu.

Msomaji wa Tanga hahitaji kwenda Kenya kuiona ramani hiyo. Mji wa Korogwe uko bondeni, kando ya Mto Pangani, katika mwinuko wa takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari, penye joto na mashamba ya mkonge. Kusini yake nyanda za Handeni nazo ni nchi ya malaria tangu zamani. Lakini ukiinua macho kaskazini unaiona milima ya Usambara, na safari ya saa chache kwa gari inakufikisha Lushoto, penye baridi na mbu wachache. Watafiti waliopima uambukizaji wa malaria kutoka bondeni hadi juu ya milima hiyo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, waligundua kwamba ulipungua zaidi ya mara 1,000. Tafiti nyingine za kaskazini mashariki mwa Tanzania zimeonyesha kwamba vinasaba vya damu vinavyohusishwa na kinga ya malaria navyo hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Ni jambo la ajabu kwamba watu wanaouziana viazi na mahindi katika soko moja wanaweza kutofautiana damu kwa sababu ya kimo cha vijiji vya babu zao.

Allison aliondoka Kenya akiwa na swali moja. Katika zama ambazo hapakuwa na tiba, watoto wengi waliorithi sikoseli kwa wazazi wote wawili walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Kila mtoto aliyekufa aliondoka na nakala mbili za kinasaba hicho. Kwa hesabu ya kawaida kingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi na hatimaye kutoweka. Mbona basi kilikuwa kingi hivyo pwani na ziwani?

Wapo waliosema kinazaliwa upya kila mara. Wengine, wakiwamo Raper na Hermann Lehmann waliopima watu wengi Uganda, walitafuta jibu katika asili na kuchanganyika kwa makabila. Allison alidhani jibu ni malaria: kwamba mtu mwenye nakala moja tu hupata kinga fulani, na faida yake hufidia hasara ya ndugu yake aliyerithi mbili. Kwa haki, hakuwa wa kwanza kuhisi hivyo. Beet alikwisha kuandika mwaka 1946 kwamba wagonjwa wake wenye chembe za mundu walikuwa na vimelea vichache vya malaria, na mwanasayansi J.B.S. Haldane alitoa wazo linalofanana na hilo kuhusu ugonjwa mwingine wa damu katika nchi za Mediterania. Kilichomtofautisha Allison ni kwamba alirudi kupima.

Alisubiri hadi alipomaliza masomo ya udaktari, na mwaka 1953 akarudi Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kazi yake ya kwanza ndiyo inayotia shaka zaidi machoni pa watu wa leo. Aliwachukua wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, ambao walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda mrefu, nusu yao wakiwa na kinasaba cha sikoseli na nusu wakiwa hawana, na akawaambukiza vimelea vya malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walionekana kuwa na vimelea. Kati ya 15 wenye kinasaba, ni wawili tu. Hata hivyo, ridhaa ya Mwafrika mbele ya daktari wa Kizungu katika koloni lililokuwa vitani haiwezi kuchukuliwa kuwa sawa na ridhaa inayodaiwa leo na kamati za maadili ya utafiti. Hao wanaume 30 hawatajwi majina popote katika vitabu vinavyomsifu Allison, ingawa ugunduzi ulipita katika mishipa yao.

Kipimo cha pili hakikumdhuru mtu. Karibu na Kampala aliwapima watoto 290 waliokuwa wakiishi penye malaria ya kila siku. Kati ya 43 wenye kinasaba, 12 walikutwa na vimelea, sawa na asilimia 28. Kati ya 247 wasio nacho, walikutwa 113, karibu asilimia 46. Kisha alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30. Popote penye malaria kali, kinasaba kilikuwa kingi. Popote malaria ilipokuwa haba, nacho kilikuwa haba.

Taarifa ya kwanza ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza Februari 1954, Allison akiwa na umri wa miaka 28. Haikupokelewa kwa shangwe na wote. Wapo waliosema idadi ya watu aliowapima ni ndogo, na wapo waliorudia jaribio la kuambukiza bila kupata matokeo kama yake. Lakini wengine, akiwamo Raper mwenyewe huko Uganda, walipata ushahidi uliomuunga mkono, hasa ulipohusu malaria kali inayoua watoto.

Ushahidi unaoeleweka kwa urahisi kuliko wote aliupata Tanganyika. Katika eneo la Musoma, mkoani Mara, aliwapima watoto wachanga 287 na watu wazima 654, na kuchapisha hesabu hiyo mwaka 1956. Kati ya wachanga, tisa walikuwa na nakala mbili za sikoseli na 89 walikuwa na moja. Kati ya watu wazima, waliokuwa na nakala mbili walikuwa watano tu, ingawa idadi yao kwa jumla ilizidi mara mbili ya ile ya wachanga. Waliokuwa na nakala moja walikuwa 249.

Msomaji akizitazama tarakimu hizo ataona misiba miwili ndani yake. Wenye nakala mbili walipungua kutoka watatu katika kila 100 hadi chini ya mmoja, maana wengi walifariki utotoni kwa sikoseli. Lakini wenye nakala moja waliongezeka kutoka 31 hadi 38 katika kila 100. Hawakuzaliwa wapya ukubwani. Walionekana wengi zaidi kwa kuwa katika wenzao wasio na kinasaba hata kimoja, malaria ilikuwa imechukua sehemu yake.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi ya Allison kwa familia ya Handeni au Korogwe. Baba na mama wote wakiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuleta mtoto mwenye nakala moja kama wazazi wake, na nafasi moja ya kuleta mtoto asiye nacho kabisa. Kura hiyo hupigwa upya kila mimba. Mama anaweza kuzaa watoto watatu wagonjwa mfululizo, na jirani yake mwenye damu kama yake asizae hata mmoja. Kinasaba kilichomvusha mtoto mmoja salama katika malaria ndicho kinachomlaza ndugu yake wodini. Kimetoka pande zote mbili za ukoo, na kimo humo kwa sababu kiliwaokoa mababu.

Allison hakuishia kwenye sikoseli. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyekuwa akifanya kazi nchini, walichapisha utafiti juu ya watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika chembe nyekundu. Upungufu huo hurithiwa kwa njia nyingine: kinasaba chake kiko kwenye kromosomu ya X, hivyo mtoto wa kiume hukipata kwa mama yake tu. Wenye upungufu walionekana kuwa na vimelea vichache zaidi. Suala hilo lilibishaniwa kwa miongo kadhaa.

Jibu moja lilitoka Tanga. Kwa miaka kadhaa watafiti walichukua sampuli za watoto waliougua malaria kali katika Hospitali Teule ya Muheza, jirani na Korogwe, pamoja na za watu wasiougua kutoka mkoani humo. Wazigua, Wasambaa na Wabondei ni kati ya makabila yaliyotoa damu yake. Sikoseli ilithibitika kuwa na kinga ileile aliyoieleza Allison. Kuhusu G6PD, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliokingwa dhidi ya malaria kali ni wasichana wenye nakala moja yenye kasoro na moja nzima.

Sampuli hizo za Muheza zimo pia katika mradi mkubwa wa kimataifa wa vinasaba vya malaria, na mradi huo uliwarudisha wanasayansi mahali Allison alipoanzia, yaani kwenye makundi ya damu. Mwaka 2017 walitangaza kwamba kundi adimu liitwalo Dantu, moja ya matoleo ya mfumo wa MN ambao Allison aliupima akiwa mwanafunzi, hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Sehemu nyingi za dunia halionekani kabisa. Makao yake makuu ni Afrika Mashariki, hasa pwani ya Kenya, na watafiti wengine wamelikuta Nyamisati, Rufiji. Kama yalivyo makundi mengine, hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto bila kuonekana kwa macho. Mwaka 2020 ilibainika kwamba ngozi ya chembe nyekundu za watu wa Dantu imekazika zaidi, na kimelea hushindwa kuitoboa. Tofauti na sikoseli, hadi sasa halijaonekana kumtoza mwenye nalo gharama kama hiyo.

Maisha ya Allison baada ya miaka ya 1950 yalikuwa ya kuhamahama. Alifanya kazi Marekani katika maabara ya Linus Pauling, aliyekuwa ameonyesha kwamba kasoro ya sikoseli iko ndani ya himoglobini, kisha alirudi Uingereza kwa miaka mingi ya utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo. Baadaye alihamia California, ambako yeye na mkewe, Elsie Eugui, walitengeneza dawa ya kuzuia mwili kukikataa kiungo kilichopandikizwa. Dawa hiyo, iuzwayo kwa jina la CellCept, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na hadi leo hutumiwa na wagonjwa waliopandikizwa figo, wakiwamo wa Tanzania. Tuzo ya Nobel hakuipata. Wapo waliopewa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Wakati huo kazi ya sikoseli ilishikwa na Watanzania wenyewe. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na orodha yao imekuwa kati ya kubwa zaidi duniani. Walionyesha pia jambo linalopotoshwa mara nyingi: mwenye nakala mbili huambukizwa malaria mara chache, lakini ikimpata humwua upesi. Hivyo kinga aliyoieleza Allison ni ya mwenye nakala moja, na mzazi asimnyime mtoto mwenye sikoseli chandarua wala dawa kwa kudhani damu yake inamtosha. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo nchini hukadiriwa kufikia 11,000 au zaidi kila mwaka.

Malaria yenyewe imepungua. Vijiji vya Korogwe vilivyofuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha mteremko mkubwa wa maambukizi ndani ya miaka michache, vyandarua vyenye dawa na tiba bora vikichangia. Kwa hesabu ya Allison, pale malaria inapoondoka faida ya nakala moja huondoka nayo, lakini kinasaba hubaki katika koo kwa vizazi vingi, na watoto wenye nakala mbili huendelea kuzaliwa. Ndiyo sababu kipimo cha kabla ya ndoa, na cha mtoto mchanga, kina umuhimu zaidi sasa kuliko enzi za babu zetu.

Allison alifariki Februari 20, 2014 nyumbani kwake Belmont, California, akiwa na umri wa miaka 88. Mwezi mmoja kabla, Januari, jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S lilikuwa limekamilika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo viwili vilikuwa vya Tanzania, Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika Oktoba 2021.